Petroli ya spiriti na mashine zetu za boti: nilichokiona Pemba

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Ndugu mwenye uzi, umesema mashine yako ya nguvu za farasi 40 imekuzimikieni usiku nje ya Kojani, mkakaa mnapeperushwa mpaka boti nyengine ikaja kukufungeni kamba. Fundi akakwambia petroli imetiwa spiriti. Sasa unauliza kwa nini Serikali isiipige marufuku spiriti kwenye mafuta, yakaisha. Mimi nafungua mashine za boti hapa Pemba kwa miaka 22, nyingi za wavuvi wa dagaa. Nitakujibu kwa urefu, maana mashine ikizima baharini usiku ni roho za watu, na naona humu spiriti inabebeshwa dhambi ambayo mara nyingi si yake.

Spiriti inayozungumzwa ni ethanoli, ile inayopikwa kwa miwa au mahindi. Kwenye nchi nyingi kuitia ndani ya petroli si uchakachuaji, ndiyo sheria yenyewe. Brazil walianza mpango wao mwaka 1975 baada ya mafuta kupanda bei, na sasa petroli yao ya kawaida inachanganywa asilimia 30. Malawi hawana bandari ya bahari lakini wana miwa, nao wanachanganya tangu 1982. Marekani petroli nyingi ina asilimia 10. Faida yake ipo, na fundi mkweli ataikubali: inapandisha okteni, petroli isigonge ndani ya silinda. Zamani kazi hiyo ilifanywa na madini ya risasi, sumu iliyokuwa ikitoka kwenye moshi na kuingia vichwani mwa watoto wetu. Nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha risasi mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, ikaiacha 2021. Kwa gari la barabarani lililotengenezwa kwa ajili yake, asilimia 10 haina tatizo. Utapoteza nguvu kidogo, kwa sababu lita ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko lita ya petroli. Ukichoma lita 40 kwa usiku, utaongeza lita moja na kitu. Hilo linavumilika.

Lisilovumilika ni maji. Waliowahi kuingia kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi wanajua mafuta ya karafuu yanavyojitenga na maji: mafuta yanazama chini, maji yanabaki juu. Petroli ni kinyume chake, maji ndiyo yanayozama. Yakiwa machache yanakaa chini ya tangi, unayaona kwenye chujio, unayamwaga. Ethanoli inavuruga utaratibu huo kwa sababu inayapenda maji. Inayavuta hata kutoka kwenye hewa, na inayaficha ndani ya petroli usiyaone. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inaweza kubeba maji kama nusu asilimia. Kwa tangi la lita 24 hiyo ni mililita 120, nusu ya kikombe cha chai. Yakizidi hapo, ethanoli inaiacha petroli, inashikana na maji, na vyote viwili vinashuka chini kwa pamoja.

Na wavuvi wa dagaa tunajua maisha yao. Wanakwenda giza, mbalamwezi ikitoka wanapumzika. Tangi linakaa siku saba, siku kumi, limejaa nusu, ndani ya boti, kwenye joto na upepo wa chumvi. Kila jua likichwa tangi linapoa na kuvuta hewa mbichi ya bahari. Hapo ndipo mahali pabaya kabisa pa kuweka mafuta yanayopenda maji.

Niliyaona haya kwa macho yangu, miaka mingi imepita. Nahodha mmoja aligundua maji kwenye tangi lake. Badala ya kulimwaga, akashauriwa atie spiriti ile ya kusafishia rangi, eti itayanyonya maji. Kwenye gari dereva akitia kidogo wakati maji ni matone, inasaidia kweli. Yeye akatia chupa nzima. Alfajiri wakatoka, mashine ikaenda vizuri kama robo saa, kisha ikaanza kukohoa, ikapiga kelele kavu, ikaganda. Nilipovua kichwa, pistoni ilikuwa imechanika ubavuni mistari mirefu kama imekwaruzwa kwa msasa, na ringi zimeshikamana.

Nikakaa nayo siku mbili nikijiuliza, kwa sababu alikuwa amechanganya oili kwa kipimo, nilimshuhudia mwenyewe. Jawabu nililipata nilipomimina tangi lote kwenye chupa za kioo. Juu petroli ya rangi ya oili, chini tabaka nene la maji meupe yanayonuka spiriti, hayana hata dalili ya oili. Oili imebaki juu na petroli, na mrija wa kufyonza unafyonza kutoka chini. Mashine hizi za kuchanganya hazina oili nyengine ila ile iliyomo ndani ya petroli. Kwa hivyo ilikuwa inazunguka kavu. Mashine za foostroki (za mipigo minne) zina oili yake mbali, zitazima tu. Hizi zetu zinakufa.

Kwa hivyo hofu yako ina msingi. Lakini je, mashine yako imekufa kwa spiriti? Mimi sidhani, na nitakwambia kwa nini.

Kila ninapoambiwa "petroli ya spiriti" huwa napima. Natumia chupa ya mtoto ya kunyonyea, ile yenye alama za mililita, iliyokwisha kuachwa (isirudi tena kwa mtoto, tafadhali). Natia maji safi mpaka 20, naongeza petroli ambayo haijachanganywa oili mpaka 200, nafunga, natikisa dakika moja, naiweka mezani itulie. Mstari wa maji ukibaki kwenye 20, hakuna spiriti. Kama petroli ina asilimia 10, ethanoli itaihama petroli iingie kwenye maji, na mstari utapanda mpaka kwenye thelathini na kitu. Haihitaji maabara.

Kwa miaka yote hiyo, chupa yangu haijawahi kunionesha mstari ukipanda kwa petroli iliyonunuliwa hapa Pemba. Ninachokuta ni maji, na mafuta ya taa. Mafuta ya taa pia yana kipimo chake: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, iache ikauke. Petroli safi inaondoka yote, karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Iliyotiwa mafuta ya taa inaacha doa la mafuta, nayo okteni inashuka, mashine inagonga na kutoa moshi. Bara walipambana na mchezo huu kwa njia mbili. Mwaka 2010 walianza kutia alama ya siri kwenye mafuta ili wakaguzi wajue yaliyochezewa. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa karibu na ya dizeli, faida ya kuchakachua ikapungua.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Zanzibar tuna ZURA, mamlaka inayosimamia mafuta, maji na umeme, kwa sheria ya 2013, na kila mwezi sote tunasubiri bei yao. Viwango vina taasisi yake. Mafuta yanashuka bohari ya Wesha, yanakwenda sheli, na mpaka hapo yupo wa kuulizwa. Lakini petroli ya mvuvi haiishii sheli. Inatiwa kwenye dumu, dumu linapanda gari ya ng'ombe au mgongo wa baskeli, linafika dikoni, boti zinapofikia, pale linamiminwa kwenye dumu jengine ambalo jana lilikuwa na mafuta ya taa au lilioshwa likabaki na maji. Mashine mbili nilizofungua kaskazi iliyopita, za boti moja, wiki moja, zilikuwa na kutu nyeupe kama chumvi ndani ya kabureta. Chupa ya mtoto ikasema hakuna spiriti. Karatasi ikaacha doa. Nilipokwenda kuliangalia dumu lenyewe, harufu ilinipokea kabla sijafungua kifuniko. Yule muuzaji hakuwa mwizi hata kidogo, alikuwa na dumu moja tu kwa biashara mbili.

Ndiyo maana siungi mkono kupiga marufuku spiriti na kujiona tumemaliza. Na siku spiriti ikija kwenye petroli yetu, kwa sababu dunia inaelekea huko, nisingependa tuletewe kimya kimya. Marekani walipoiruhusu petroli ya asilimia 15 mwaka 2011 kwa gari za 2001 na kuendelea, waliikataza kwa boti, pikipiki na mashine ndogo ndogo, na sheli zikalazimishwa kubandika tangazo kwenye pampu linalosema hivyo waziwazi. Uingereza walipohamia asilimia 10 mwaka 2021, waliacha ile ya asilimia 5 ibaki kwenye petroli ya daraja la juu kwa ajili ya mashine za zamani. Sisi watu wa bahari tudai hayo hayo: kipimo kiandikwe kwenye pampu kwa Kiswahili, petroli isiyo na spiriti ibaki kwa ajili ya boti, na anayeuza kwa dumu dikoni apewe leseni na dumu lenye rangi yake, lisiguswe na kitu chengine. Mkaguzi anayechukua sampuli sheli atembee hatua chache zaidi, afike ufukweni. Kamati za wavuvi zipo, waanze nazo.

Ndugu yangu, kabla hujamlipa fundi, fanya hivi leo. Usiwashe mashine. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, kinga kikombe cha kioo, acha yatoke yote. Yakiwa na matone ya duara yanayokimbia chini kama zebaki, hayo ni maji, na dawa yake ni tangi kukaushwa na chujio jipya. Kisha chomoa plagi, mulika kwa tochi ndani ya tundu, zungusha gurudumu kwa mkono polepole mpaka uuone ubavu wa silinda. Ukiwa unang'aa, mashine yako ni nzima. Ukiona mistari ya kwenda chini, usiizungushe tena. Niandikie hapa ulichokikuta kikombeni, na uniambie lile dumu ulilijazia wapi.