Mjomba Anajibu: Mchezaji wa besiboli akitundika daluga

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni shabiki wa mpira wa miguu, lakini nimeangalia video ya Ichiro Suzuki akiaga kule Tokyo. Uwanja mzima umesimama, na mwenzake analia kama amefiwa. Huku kwetu mchezaji akiishiwa miguu tunasikia tu kwamba hayupo tena. Je, wachezaji wote wa besiboli ya Marekani wanaagwa vile? Na makofi yakiisha wanaishi kwa kula nini? – Msomaji wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Ile ilikuwa tarehe 21 Machi 2019, Tokyo Dome, Seattle Mariners wakicheza na Oakland. Ichiro alikuwa na miaka 45. Katika awamu ya nane kati ya tisa kocha alimtoa, naye akawakumbatia wenzake mmoja baada ya mwingine. Uliyemwona akilia ni Yusei Kikuchi, mrushaji kijana (mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira), Mjapani mwenzake, ambaye siku hiyohiyo alikuwa anacheza mechi yake ya kwanza katika ligi kuu ya Marekani. Mechi ilipokwisha watu walikataa kuondoka vitini mpaka Ichiro akarudi uwanjani kuwapungia mkono.

Mimi nimeendesha basi la abiria hapa Seattle hadi nilipostaafu, na katika miaka ya Ichiro siku ya mechi basi lilijaa jezi yake, namba 51, wazee kwa watoto. Heshima ile aliitolea jasho: mapigo halali, yaani yale yanayomfikisha mpigaji kituoni salama, 1,278 Japani, kisha 3,089 Marekani, ambako alianza akiwa tayari na miaka 27. Mwaka 2025 aliingizwa katika Jumba la Umaarufu la besiboli lililoko Cooperstown, jimbo la New York, ambako mtu hapigiwi kura mpaka imetimia miaka mitano tangu aache kucheza. Alipata kura 393 kati ya 394.

Sasa hilo la "wote". Hapana, mwanangu. Wanaoagwa kwa makofi ni wachache mno. Wengi huitwa ofisini kwa kocha asubuhi moja, wakaambiwa jina lao limeondolewa kikosini, wakafungasha viatu na gongo. Wengine hukaa nyumbani majira yote ya baridi wakisubiri simu ya klabu, na isipolia ndiyo wamestaafu. Wako pia waliotolewa na mwili. Sandy Koufax wa Dodgers alikuwa mrushaji bora kuliko wote mwaka 1966, akaacha mwaka huohuo akiwa na miaka 30 tu, kwa sababu kiwiko cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimeliwa na baridi yabisi.

Kuhusu chakula, nataka nikueleze kisa cha Satchel Paige, maana nadhani kila mfanyakazi anapaswa kukijua. Paige alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906, na walioshuhudia wengi walimweka katika warushaji bora waliopata kuishi. Lakini alikuwa mtu mweusi, na ligi kuu ilifunga mlango kwa weusi hadi 1947. Alifika huko 1948, katika klabu ya Cleveland, akiwa na miaka 42. Miaka ya nguvu zake yote ilikuwa imeliwa katika ligi za weusi, akizunguka miji na mitaa kwa malipo ya mlangoni. Kwa hiyo uzee ulipomfika hakuwa na siku za kutosha za utumishi katika ligi kuu ili apate pensheni. Zilipungua siku 158. Mwaka 1968 mwenye klabu ya Atlanta Braves, William Bartholomay, alimwandika kazini, mzee wa miaka 62, ili zile siku zitimie. Bartholomay alifanya jambo la kiungwana na ninamshukuru kwa hilo. Hata hivyo huwa nawafikiria wenzake Paige, warushaji na wadakaji wa ligi zile, ambao hawakupata wa kuwaandika.

Mambo yalibadilika kwa sababu wachezaji walijipanga. Mwaka 1966 chama chao kilimchukua Marvin Miller, mchumi aliyetoka chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na miaka miwili baadaye wakasaini mkataba wa pamoja na wenye klabu, wa kwanza katika michezo ya kulipwa Marekani. Leo mchezaji aliyetimiza siku 43 tu kikosini katika ligi kuu ana haki ya pensheni, ndogo lakini ni yake. Anayefikisha miaka kumi anapata kamili. Mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172. Kanuni hii ilianza 1980, na hapo kuna kidonda kisichopona: waliocheza kabla ya hapo kwa muda usiofika miaka minne waliachwa nje, na tangu 2011 wanapewa malipo fulani ya kila mwaka ambayo hayafanani na pensheni. Mimi nakula pensheni ya udereva iliyopiganiwa na watu wasionijua, kwa hiyo wazee hawa siwezi kuwapita kimya.

Pesa za mkataba nazo ni jambo jingine. Bobby Bonilla aliacha kucheza 2001. Lakini kila tarehe 1 Julai New York Mets humlipa dola 1,193,248, tangu 2011 hadi 2035, kwa sababu alikubali pesa alizokuwa akiidai klabu zilipwe polepole na riba. Wanaomcheka Mets wamcheke. Mimi namsifu aliyefikiria uzee wake mapema.

Na Ichiro mwenyewe bado anavaa jezi. Amepita miaka 50, klabu imempa kazi ya ushauri, na huonekana akikimbia na kurusha mpira na vijana kabla ya mechi. Kule Japani amekusanya timu yake inayocheza na wasichana wa sekondari.

*Mjomba, nasikia nambari ya jezi nayo inastaafishwa. Inakuwaje? – Msomaji wa Eldoret*

Klabu ikitaka kumheshimu mtu huondoa nambari yake, asivae mwingine. Ya kwanza ni namba 4 ya Lou Gehrig wa Yankees, aliyecheza mechi 2,130 bila kukosa hata moja hadi ugonjwa wa neva ulipomwangusha. Aliagwa tarehe 4 Julai 1939 na akafariki 1941. Namba 42 ya Jackie Robinson, mweusi aliyefungua ule mlango 1947, iliondolewa na klabu zote kwa pamoja mwaka 1997. Walioivaa wakati huo waliachiwa waendelee nayo, na wa mwisho alikuwa Mariano Rivera wa Panama, aliyestaafu 2013. Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa. Robinson mwenyewe alipoacha kucheza aliingia kampuni ya kahawa, akawa mmoja wa wakuu wake.

*Salaam aleikum Mjomba. Sisi ni watu wa Mombasa, tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu wa mwisho ni mrushaji wa timu ya shule, yuko mwaka wa mwisho, na mtu wa klabu moja amekuja kumtazama akiwa na kile kimashine cha kupima kasi. Baba yake anasema hiyo ni kazi ya miaka michache halafu mtu anabaki bure, aende chuo kwanza. Mimi niko katikati. – Mama Mtu*

Waaleikum salaam, dada yangu. Shemeji ana hoja, na mtoto ana hoja. Nianze na ya shemeji. Klabu zikimchagua, katika zamu ya kila mwaka ya kugawana vijana, na akasaini, hataanzia kwenye uwanja unaouona kwenye televisheni. Ataanzia ligi ndogo zenye ngazi kadhaa, akisafiri kwa basi usiku, na wengi wanaoingia hawafiki juu hata kwa mechi moja. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kufika ligi kuu, alisajiliwa na klabu ya Pittsburgh 2008 na akapanda 2017. Katika mkataba wa 2023, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo ilianzia dola 35,800 kwa mwaka, ilhali kima cha chini cha ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa 760,000. Zile siku 43 za pensheni zinahesabiwa huko juu tu. Na mwanao ni mrushaji, ambaye kiwiko ndicho mtaji wake. Upasuaji wa mshipa wa kiwiko siku hizi ni jambo la kawaida, na kupona huchukua mwaka au zaidi.

Akienda chuo cha miaka minne, klabu haziwezi kumchagua tena mpaka amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. Hajafungiwa mlango, ila itabidi asubiri.

Sasa hoja ya mtoto. Klabu inaweza kuandika ndani ya mkataba kwamba itamlipia masomo ya chuo akiacha kucheza. Jambo hili hujadiliwa kabla ya saini. Baada ya hapo hakuna wa kukusikiliza. Dai iandikwe ni mihula mingapi, kila muhula dola ngapi, na ana muda gani wa kuanza masomo baada ya kuacha, kwa sababu muda huo ukipita pesa hupotea. Mkataba usomwe na mwanasheria mnayemlipa ninyi. Na yule bwana wa kimashine akija tena, mkaribishe chai, kisha umuulize vijana aliowasajili miaka mitano iliyopita wako wapi leo. Akiwataja, omba namba za simu za mama zao uwapigie.