Kabla Hujasema Kisanduku Hakipo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa uchungu kwamba alizunguka bustani ya jiji kwa saa mbili akifuata vidokezo vya kisanduku kilichofichwa, akarudi nyumbani mikono mitupu, na sasa anaamini kuwa aliyeviandika ni mwongo. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa maneno hayo hayo niliwahi kuyaandika mimi, tena mbele ya wenzangu wote katika mchezo huu wa letterboxing, yaani kutafuta visanduku vilivyofichwa kwa kufuata vidokezo, kisha kugonga muhuri wako katika daftari la kisanduku na muhuri wa kisanduku katika daftari lako, na nikiyakumbuka bado naona haya.

Vidokezo nilivyovifuata mimi vilikuwa vifupi: simama penye benchi linalotazama bwawa, elekea nyuzi 140 za dira, hesabu hatua 30, tafuta mti wenye tundu usawa wa goti. Wakati huo nilijiona fundi. Daftari langu lilikuwa limejaa mihuri ya visanduku nilivyovipata, na muhuri wangu wa mpira nilikuwa nimeuchonga kwa mkono wangu, jambo ambalo, niseme kweli, si kila mtu analiweza. Nikatoa dira, nikahesabu, nikajikuta katikati ya maua. Nilirudi siku tatu tofauti, na siku ya tatu mtunza bustani aliniuliza kama nimepoteza pete.

Ndipo nikatangaza kwamba kisanduku hakipo na kwamba mwenye kisanduku ni mzembe. Alinijibu kwa maneno matano tu: "Benchi hilo ni la chuma."

Nilikwenda tena kwa hasira. Nilipoiweka dira juu ya benchi, mshale uliyumba ukatulia upande, na niliposogea hatua chache ukarudi mahali pake. Kosa la nyuzi 10 linaonekana dogo mkononi, lakini ukitembea mita 40 limekwisha kukutoa njiani kwa mita 7. Isitoshe, mwenye kisanduku alihesabu mguu wa kulia peke yake, kwa hiyo hatua zake 30 zilikuwa 60 zangu. Mti ulikuwepo, na nyuma ya kipande cha gome kilichoegeshwa tunduni kilikuwepo kisanduku cha plastiki, chenye daftari na muhuri wa kobe. (Sijui kama kobe huyo alikusudiwa mimi.) Kilichoniuma zaidi ni kwamba watu wanne walikuwa wamegonga mihuri yao humo, kwa tarehe za wiki ile ile niliyotangaza kwamba hakipo.

Basi, ndugu msomaji, soma vidokezo kama alivyovifikiri mwandishi, si kama unavyovipenda wewe. Jaribu hatua moja moja, kisha mbili mbili. Shika dira mbali na chuma, na simu yako pia iweke mbali. Ukishindwa, soma upya, kwa sababu mara nyingi neno ulilolipita haraka ndilo lenye jibu. Usichimbe wala using'oe chochote, maana mwenye adabu hafukii kisanduku kwenye bustani ya watu. Na ukikipata, kirudishe vile vile ulivyokikuta, kwa kuwa anayekufuata atasoma maneno yale yale. Nimeona mabingwa wa kujisifu wakikiacha sentimita chache nje ya tundu, mvua ikaingia na daftari zima likaoza.

Mchezo huu ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, pale James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni, alipoacha chupa Cranmere Pool ili waliofika huko waweke kadi zao ndani. Waliifikia kwa kuvuka nyika yenye matope, nasi tunashindwa na benchi, kisha tunawaita wenzetu waongo! Tusiwe wepesi wa kulaumu.

Mimi niliomba radhi kwenye daftari la kisanduku kile, maneno mawili matatu chini ya muhuri wangu. Nimerudi mara mbili kutazama kama mwenyewe ameandika chochote. Bado hajaandika.