Shangazi, ratiba yangu haijawahi kufika saa nne

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka 9, wa pili 6, na mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Mwaka jana tulikubaliana na mume wangu tuwasomeshe nyumbani, nikaacha kazi. Nilitengeneza ratiba nikaibandika ukutani: saa 2:00 hisabati, saa 2:40 lugha, hivyo hivyo hadi saa tisa alasiri, masomo saba kila siku. Haijawahi kufika saa nne asubuhi. Mdogo anapanda mezani, wa pili analia akiona tu kitabu cha kusoma, mkubwa ananisubiri nimpe kazi. Mchana nafoka, jioni nafua na kupika, usiku nasahihisha madaftari na kuandaa ya kesho. Mume wangu akirudi anauliza mbona nyumba iko hivi na mimi nashinda ndani. Nimechoka mpaka asubuhi naiogopa. Je, mimi ni mvivu? Ratiba nitaishikaje? Au niwarudishe shuleni? – Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Mvivu hasahihishi madaftari usiku, kwa hiyo hilo la uvivu tuliache. Shida iko kwenye karatasi ya ukutani, na ningekuwa karibu ningeibandua mwenyewe.

Uliichukua ratiba ya shule ukaihamishia sebuleni. Ratiba ya shule ilitungwa kutatua shida za shule. Mwalimu mmoja ana watoto 40. Lazima awaite majina, awatulize, agawe vitabu, amngoje aliyeko nyuma amalize kunakili, kisha ampishe mwalimu mwenzake. Sehemu kubwa ya kipindi cha dakika 40 ni kungojana. Wewe una mwanafunzi mmoja kwa kila darasa. Ukikaa naye dakika 15, ukiona anachoandika na kumrekebisha papo hapo, somo limekwisha. Hizo 25 zilizobaki ndizo unazopigana nazo kila asubuhi, na unapigana na watoto ambao wameshamaliza.

Hili si jambo nililolibuni mimi. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, alitaka somo la mtoto wa chini ya miaka 8 lisizidi dakika 20 hivi, kisha abadilishiwe kazi ya aina nyingine. Alitaka vipindi vifupi, lakini mtoto awe makini kwelikweli. Wako wa miaka 6 unamketisha mara mbili ya hapo, tena mbele ya kitabu kinachomtisha. Mimi pia ningelia.

Kabla hujapanga chochote, soma sheria ya nchi unakoishi. Ujerumani inawataka watoto wahudhurie shule, na kusomea nyumbani ni ruhusa ya nadra sana. Uingereza inamruhusu mzazi, na wala haimlazimishi kufuata saa za shule. Marekani kila jimbo lina masharti yake. Huenda kwako wanataka taarifa, mtihani au kumbukumbu za masomo. Ukishajua wanachotaka, wape hicho. Wazazi wengi hujitwika masaa ambayo hakuna mtu aliyewadai.

Sasa ratiba. Achana na saa, ushike mfuatano. Siku yako tayari ina mambo yasiyokosekana: kifungua kinywa, usingizi wa mdogo, chakula cha mchana, baba kurudi. Masomo yaambatanishe na hayo. "Tukishafungua kinywa na kuondoa vyombo, tunakaa mezani." Basi. Mdogo akikesha na jino mkaamka mmechelewa, mnakaa mezani baadaye kidogo na hakuna kilichovunjika. Ratiba ya saa ni kama treni: ikichelewa kituo cha kwanza, vituo vyote sita vilivyobaki vitaona imechelewa, na abiria wataanza kukufokea. Ukiwa na mfuatano, watoto watauliza tu "baada ya hapa nini?", na baada ya wiki chache hawatauliza hata hilo.

Masomo saba kila siku, hapana. Kusoma, kuandika na hisabati viwe vya kila siku. Sayansi, historia, jiografia na sanaa viwe mara moja au mbili kwa wiki, na wafundishe wote wawili kwa pamoja. Mnasoma habari za mvua, wa miaka 6 anachora wingu na kukusimulia maji yanavyopanda na kushuka, wa miaka 9 anaandika aya nzima kwa maneno yake. Somo moja, umeliandaa mara moja. Hapo peke yake nusu ya maandalizi yako ya usiku imeondoka.

Nakuja kwa mdogo, maana yeye ndiye anayeshika usukani wa nyumba yako na ratiba yako haikumtaja hata mara moja. Unamuweka pembeni ili uanze kazi, naye anapanda mezani kudai alichonyimwa. Geuza. Anza naye. Kabla hamjafungua daftari lolote, keti naye chini robo saa, simu ikiwa mbali, mcheze anachotaka yeye. Mtoto wa umri huo akishiba mama kwanza huweza kujishughulisha kidogo. Kidogo, nimesema, usitegemee saa nzima. Kisha awe na kikapu cha vitu vinavyotoka wakati wa masomo tu na kufichwa yakiisha. Vile anavyoviona kutwa havimshangazi tena. Wakubwa wapokezane: unapomsomesha wa miaka 6, wa miaka 9 yuko sakafuni na mdogo wao, halafu wanabadilishana. Kumlea mdogo dakika 15 ni kazi halali ya mtoto mkubwa, ilimradi isigeuke kuwa kutwa nzima. Hukuzaa yaya.

Watoto wengi wa mwaka mmoja na nusu huwa wamebakiwa na usingizi mmoja tu wa mchana. Huo ndio mali yako, na nakushuku unautumia kufua. Nusu saa ya mwanzo mpe mkubwa lile somo gumu, hisabati mpya pengine, linalohitaji ukimya. Baada ya hapo nyumba nzima inanyamaza: kila mtoto mahali pake, na kitabu au karatasi za kuchora, na mama haitwi ila kwa damu au moshi. Wewe unakaa. Ukitaka kulala, lala. Mwanzoni watakuja kila baada ya dakika tano kuuliza kama muda umekwisha. Warudishe bila hasira na bila mjadala. Wasio na mazoea anza nao kwa dakika 20. Najua sauti kichwani mwako itasema nguo zinakusubiri. Ziache zisubiri. Mwalimu wa shule ana mapumziko yake, na hakuna anayemwita mvivu.

Huyo anayelilia kitabu, mfundishe kusoma dakika 10 asubuhi na dakika 10 nyingine alasiri, badala ya kikao kimoja kirefu. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, utafiti umeendelea kuonyesha kwamba tunachorudia kwa kuachanisha hukaa kichwani kuliko tunachokishindilia kwa mkupuo. Mrudishe hatua moja nyuma, kwenye kitabu anachokiweza, na umsimamishe wakati bado anataka kuendelea. Mpeleke pia apimwe macho na masikio. Watoto wengi hawasemi "sioni vizuri" kwa sababu hawajui kuona vizuri kukoje. Na kama baada ya miezi kadhaa ya kufundishwa kwa upole bado herufi na sauti zake hazishikamani, tafuta mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Kuna watoto wenye akili kabisa ambao wanahitaji kufundishwa kusoma kwa njia nyingine, na kuwahi kunasaidia.

Mkubwa naye hapaswi kukusubiri. Mwandikie kazi zake za siku kwenye karatasi moja, azifanye kwa mpangilio anaoutaka. Akikwama, atie alama, aruke aende nyingine, ukifika kwake mnaangalia alama tu. Sahihisha akiwa kando yako na kalamu mkononi. Kosa analoelezwa palepale linamfaa kuliko wino mwekundu wa usiku uliopita. Madaftari yasionekane baada ya chakula cha jioni.

Na watoke nje. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kukimbia na kucheza kwa nguvu. Kwako hizo dakika zina faida ya pili: chumba kinabaki bila watu.

Usingizi wa usiku nao uupangie, maana asubuhi mbaya mara nyingi imeanza jana yake. Wataalamu wa usingizi wanashauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku. Wakiamka saa moja asubuhi, basi saa tatu usiku wawe wamekwisha kulala, si ndiyo kwanza wanatafuta mswaki.

Zitakuwapo siku ambazo hakuna kinachoshikika. Homa, mgeni, wewe mwenyewe kichwa kinauma. Uwe na siku fupi uliyoiamua mapema: unawasomea hadithi, kila mmoja ukurasa mmoja wa hisabati, kisha nje. Mkimaliza hayo, shule imefungwa. Usilipe deni lake kesho.

Sasa baba yao. Nyumba ambayo watu wanne wanashinda ndani, wanakula humo, wanachora humo na kumwaga maji humo, haiwezi kufanana na nyumba ambayo watu wameihama tangu asubuhi. Mweleze hivyo hivyo, lakini usimweleze mlangoni akiwa ameshika begi. Mngoje siku ya mapumziko, watoto wakiwa wamelala. Umeandika "tulikubaliana", kwa hiyo mradi huu ni wa wawili. Usimwombe akusaidie, kwa sababu anayesaidia huacha akichoka. Gawaneni. Kuogesha na kulaza watoto kila jioni kuwe kwake, au hisabati ya mkubwa, au nusu siku nzima kila wiki ambapo yeye ndiye yuko na wote watatu na wewe haupo nyumbani. Mimi ningeanza na hiyo ya mwisho. Sisemi iwe adhabu, ingawa maswali ya sakafu huwa yanapungua baadaye. Watoto nao waokote vitu vyao robo saa kabla ya chakula cha mchana, wote. Wa miaka 9 anaweza kuosha vyombo na kukunja nguo. Ataosha vibaya; mwache aoshe.

Umesema asubuhi unaiogopa. Hapo nilisimama nikasoma tena. Ukiona hofu hiyo au huzuni imekaa wiki mbili na zaidi, usingizi umekukimbia hata mdogo akilala, chakula hakipiti, au vitu ulivyovipenda havina ladha tena, nenda kwa daktari umwambie kama ulivyoniandikia. Hilo huenda likawa ni ugonjwa unaotibika, na halitaondoka kwa kupanga siku vizuri. Ukijikuta unafikiria kujidhuru, usisubiri hizo wiki mbili: mwambie mtu leo, muende hospitali.

Kuwarudisha shuleni si aibu. Wapo wanaosomesha nyumbani miaka miwili wakarudisha, wapo wanaorudisha mmoja na kubaki na mwingine, na watoto wanaendelea vizuri. Ila usiamue leo, ungali umechoka na umekasirikia karatasi. Utafiti wa chuo kikuu cha University College London, uliotoka 2009, uliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya ya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 zoea likawa la kawaida, na tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Waliokosa siku moja hawakuharibu kitu. Kwa hiyo jipe muhula mmoja, halafu mkae wewe na mumeo muamue, na mkubwa mumuulize anavyoona yeye.

Wiki ya kwanza badilisha asubuhi tu: kifungua kinywa, robo saa ya mdogo, kusoma na hisabati, nje. Alasiri iache ilivyo, hata kama ni vurugu. Asubuhi ikishasimama bila wewe kufoka, ongeza saa ya ukimya. Masomo ya mara moja kwa wiki yaje mwisho kabisa, na kama mwezi wa kwanza ukiisha hujafika kwenye historia, historia itawangoja.