Mnaokuja kusaidia kongamano la mtandaoni, kazi iishe kabla ya siku

Karibuni nyote mlioinua mkono mwaka huu kusaidia kongamano letu la Python, ile lugha ya kuandikia programu. Najua wengi wenu mmeshaangalia kongamano kama watazamaji, mkaona video inapita, mtu anaongea, maswali yanajibiwa, saa kumi na moja watu wanaagana, mkasema aah hii si kazi kubwa. Sawa. Mi nimeshasaidia kupanga manne, yote ya kujitolea, yote mtandaoni tupu, na sisi waandaaji hatujawahi kukaa chumba kimoja hata siku moja, mmoja yuko Mbarara, mmoja Gulu, mmoja Dodoma, mi niko hapa Kampala ila kwetu ni Busia, ndo maana mnanisikia na Kiswahili hiki cha mpakani. La kwanza lilinitoa jasho nikaapa sirudii, la nne nilikuwa nakunywa chai huku linaenda. Tofauti ni moja tu na ndo nataka muishike, kila kazi inayoweza kufanyika kabla ya siku ifanyike kabla. Siku yenyewe ibaki ya kuongea na watu.

Mwaka wa kwanza tulisema kila mtu aongee laivu, maana laivu ndo tuliona ya kikubwa. Mtoa mada wa tatu alikuwa Kikoni, mtaa wa hapa Kampala, kijana mzuri, mada yake ya Django, ile ya kutengenezea tovuti kwa Python, imeiva kabisa. Dakika ya kumi na moja sura ikaganda mdomo wazi. Mwenyeji, yaani anayeongoza matangazo, ni mimi. Nasema "nadhani mwenzetu ana shida ya mtandao", nasubiri, naangalia namba ya watazamaji inashuka mmoja mmoja. Simu ikaita. "Kaka, Yaka imeisha." Yaka ndo umeme wetu wa kulipia kabla. Bando analo, laptopu ina chaji, ila ruta imelala na umeme. Akanunua tokeni kwa simu fasta, lakini mita yao iko nyuma ya duka la mwenye nyumba na duka limefungwa, kwa hiyo mpaka atafutwe mwenye ufunguo, afu abonyeze zile tarakimu 20, na akikosea moja anaanza upya. Dakika kumi na nane nimeongea peke yangu, banange, mpaka nikafika kwenye Chuo Kikuu cha Makerere kuanza 1922 kama chuo cha ufundi, mada haihusiani hata kidogo. Yule kijana hana kosa. Sisi ndo tulifunga kongamano zima kwenye mita moja ya Kikoni.

Tangu hapo tunaomba video zirekodiwe na zije wiki nne kabla. Wapo watakaochelewa, mgeni amekuja, mtihani, mtoto anaumwa, zote sababu za kweli, na zile wiki nne ndo nafasi yako ya kuwavumilia bila kupandisha presha. Ambaye hatatuma kabisa ataongea laivu, ila asiwekwe wa kufungua wala wa kufunga. Na faida ambayo sikuitegemea ni kwamba siku yake mtoa mada anakaa sehemu ya kuchati anajibu watu wakati video yake mwenyewe inacheza, hana woga, kazi ya kuongea alishaimaliza. Jamaa wa Emacs, ile programu ya kuandikia kodi, wana kongamano lao la mtandaoni la kujitolea kama letu na wamekuwa wakifanya hivi kwa miaka, hatukugundua sisi.

Ila mtu ukimwambia tu "rekodi" atakuletea kitu cha ajabu, kwa hiyo mwombe kwanza dakika moja ya majaribio. Ile dakika moja inaonyesha kila kitu: maiki iko mbali, herufi kwenye skrini ni ndogo kama sisimizi na watazamaji wako wengi wako kwenye simu, mvua inapiga mabati. Hili la mabati msicheke, kongamano likiwa Novemba ina maana watu wanarekodi Septemba na Oktoba, ndo mvua zenyewe, na hakuna programu itakayoitoa ile sauti vizuri. Mwambie arekodi usiku mvua ikikatika, atumie hizi iafoni za simu zenye maiki, zinatosha, zinashinda maiki ya laptopu. Ukubwa wa picha 720p unatosha. Video ya dakika 20 kwa megabiti 1.5 kwa sekunde ni kama MB 225, sasa kuna dada alituma GB 3 kwa dakika hizo hizo 20, alikesha siku mbili anapandisha faili kwa bando lake mwenyewe, na sisi hatukuwa tumemwambia kitu. Niliona aibu. Siku hizi maelekezo ya kubana faili tunatuma siku ile ile tunayomwambia mada yako imekubaliwa.

Kuhusu urefu, wapeni watu dakika 10 au 20 na muwe wagumu hapo. Kila dakika mnayoongeza mtailipa kwenye manukuu, yale maandishi ya chini ya video.

Manukuu ndo kazi ambayo wageni hawaijui. Sa hivi mashine inasikiliza video na kuandika yenyewe, nzuri sana, inaokoa muda, lakini lazima mtu apite mstari kwa mstari. Kuna mada moja ilikuwa ya Flask, nayo ni ya kutengenezea tovuti kwa Python, na wale wa Python mnajua Flask inatumia kifaa kinaitwa Jinja kutengeneza kurasa. Mtoa mada kasema Jinja mara nyingi sana, mashine kila mara ikasikia tangawizi, ikaandika ginger. Tangawizi inapokea data, tangawizi inatoa ukurasa, ukiona kosa angalia tangawizi yako. Aliyepewa kurekebisha alikuwa mgeni, naye akasahihisha kweli, ila akadhani jamaa anaongelea Jinja ya huku kwetu, ya mto Nile, kwa hiyo akaongeza "mji wa" kila mahali. Tuliligundua usiku wa kuamkia kongamano. Kwa hiyo mambo mawili, mwombeni kila mtoa mada awape orodha ya maneno magumu ya mada yake, mistari kumi tu, na anayerekebisha manukuu awe anaruhusiwa kuuliza bila kuonekana mjinga. Mimi dakika moja ya video hunila dakika nne au tano nikirekebisha, pigeni hesabu na idadi ya mada mtaona kwa nini nasema wiki nne.

Kwenye majina pia. Mwenyeji wetu mmoja wa Mombasa alisoma jina la Mganda linaloanza na Ky kama lilivyoandikwa, wakati huku ky tunaitamka ch, hata Kyambogo ni Chambogo. Mwenye jina hakusema kitu, alicheka tu, lakini mi niliona. Sasa tunamwomba kila mtu atume vois fupi anataja jina lake, mwenyeji anasikiliza kabla.

Faili moja. Hili nalirudia mpaka mnichoke. Kila mada, mwenye mada, dakika zake, nchi anayokaa, video imefika au bado, imeangaliwa na nani, manukuu yamefika wapi, vyote vikae kwenye faili moja, na ratiba, ukurasa wa mada na imeili za watoa mada vyote vitoke humo kwa skripti, kiprogramu kidogo kinachofanya kazi hiyo chenyewe. Sisi ni watu wa programu jamani, hatuwezi kuwa tunakopi na kupesti saa za watu kwa mkono. Mwaka wa pili tulikuwa na ratiba sehemu tatu, tukabadilisha mbili, mtoa mada akaja saa moja baada ya mada yake kuisha, amevaa na koti.

Na kwenye hizo saa ndo kuna shimo lenyewe. Sisi Waswahili tukisema saa nane ni mchana watu wanakula, na Waganda vilevile wanahesabu hivyo hivyo kwa Luganda, lakini mtu huyo huyo akiandika imeili anaweza kumaanisha saa nane ya kizungu, asubuhi. Usikisie, andika 14:00 na uandike ya Kampala. Afu Kampala, Nairobi na Dar ni saa moja, ila Kigali, Bujumbura na Goma wako nyuma kwa saa nzima, na Lagos nyuma kwa mbili. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, Ulaya wanazirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo ukimwandikia mtu wa Berlin Septemba kwamba mada yake ya Novemba itakuwa saa fulani ya kwao, na ukahesabu kwa tofauti ya siku ile ya Septemba, umeshamdanganya. Skripti iwape kila mtu saa ya kwake, na mwenye macho aipitie.

Tarehe yenyewe ya kongamano msiichague kwa kuangalia wikendi tu. Waulizeni wenzenu Wasabato kuhusu Jumamosi, na Ijumaa mchana muwaache watu waende msikitini. Na karibu na uchaguzi mkuu wa hapa Uganda msithubutu, Januari 2021 intaneti ilikatwa nchi nzima kuamkia siku ya kura na ilichukua siku kama tano kurudi, hata VPN, ile njia ya kuzunguka vizuizi vya mtandao, haikusaidia maana hakukuwa na intaneti ya kuipitishia. Hapo huna utakachofanya, unachagua mwezi mwingine tu. Na hata bila uchaguzi wowote, kuwe na mtu mmoja nje ya Uganda mwenye funguo zote za strimu, ile video inayorushwa laivu kwa watazamaji, na video zote kwenye mashine yake, ili sisi huku tukizimika wote mada ziendelee kucheza.

Siku ikifika kazi ni nne: mwenyeji anayeongea, mtu wa strimu, mtu wa kukusanya maswali, na mtu wa kumpokea mtoa mada dakika 30 kabla na kumpima maiki. Kila kazi na mtu wa pili anayejua nywila. Watazamaji wanaangalia strimu, chumba cha kuongelea hakitangazwi hadharani, maana linki ikizagaa atakuja mtu hata hajui Python ni nini anakuja kuonyesha uchafu wake, hili tuliliona 2020 wakati dunia nzima imehamia mtandaoni. Wawili wawe na uwezo wa kumtoa mtu, na wasiombe ruhusa kwa yeyote.

Kuna kitu kidogo ambacho kila mwenyeji mgeni anakosea. Strimu inachelewa, sekunde kumi, ishirini, thelathini wakati mwingine. Mwenyeji anauliza "kuna swali?", anahesabu moja mbili tatu, kimya, anasema haya tuendelee, na hapo mtazamaji wa Lira ndo kwanza anasikia neno swali. Anaandika la kwake, mada imeshafungwa. Kwa hiyo ukiuliza endelea kuongea, uliza la kwako la kuanzia, andaa hata matatu kwa kila mada.

Bando pia. Strimu ya 720p kwa saa moja inakula kama MB 675 kwa ile megabiti 1.5, siku ya saa saba hiyo ni karibu GB 5, na kwenye bei ya bando la hapa kuna ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipokuja kuchukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Mwanafunzi hawezi. Tukaweka na strimu ya sauti peke yake, kilobiti 64, inakula kama MB 29 kwa saa, siku nzima ni MB 200 tu. Watu walisikiliza wakiwa kwenye taxi, kuna mmoja alisikiliza akiwa anachoma rolex, chapati ya kukunjwa na mayai, kwenye kibanda chake Wandegeya, baadaye akaangalia video zile mbili alizozitaka tu. Kwa hiyo kwenye majaribio ya video jiulizeni pia, mtu asiyeona skrini ataelewa? Mtoa mada akisema "kama mnavyoona hapa" mwombeni ataje anachokionyesha.

Wanaojitolea nao watumieni bando, mapema sio baada, na mkituma kwa mobile money wekeni na ya kutolea. Mkiwa na pesa kidogo zianzie hapo kabla ya tisheti.

Likiisha msifanye kikao usiku ule ule, mtagombana, nimeona. Kaeni siku mbili, halafu kila mtu aandike alichokwama nacho. Video kwa sababu zilishakuja na manukuu yalishakamilika zinawekwa wazi jioni ile ile, hapo ndo mtaona raha ya zile wiki nne.

Anayetaka kuanza sasa aanze na manukuu, asichukue video ya saa nzima, kuna ya dakika kumi inatosha kujipima. Nimeiacha ile ya tangawizi kama ilivyo, na mji wa Jinja umo, rekebisha halafu nitumie nione.