Barafu ya Greenland ikilowa hadi kileleni: majibu ya maswali yenu

Tangu tutaje kiangazi cha mwaka 2012, ambapo karibu uso wote wa barafu ya Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini ya mbali, ulianza kuyeyuka, maswali yamemiminika. Haya hapa manne.

Barafu si huyeyuka kila kiangazi? Ajabu ya 2012 ni ipi?

Huyeyuka kweli, ila pembezoni, na theluji ya majira ya baridi hufidia. Mwaka ule kuyeyuka kulipanda hadi kituo cha utafiti cha Summit, kileleni mwa barafu, zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 12 Julai karibu asilimia 98 ya uso wote ulikuwa umelowa. Tabaka zilizochimbwa pale kileleni zinaonyesha kwamba mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 1889. Kisha tarehe 14 Agosti 2021 Summit ikanyeshewa mvua, ya kwanza kuwahi kushuhudiwa pale.

Ni jua tu?

Jua ni sehemu. Kwanza hewa yenye mgandamizo mkubwa hutuama juu ya kisiwa na kuvuta joto kutoka kusini. Mwaka 2012 yaliongezeka mawingu mepesi ya matone ya maji: membamba kiasi cha kupitisha jua, mazito kiasi cha kuzuia joto lisitoke.

Linalonitia hofu zaidi ni rangi. Fungua friza iliyoota barafu, uguse ule unga mweupe kwa kidole: papo hapo unageuka punje za kioo na weupe unafifia. Ndivyo ilivyo Greenland. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga. Ikilowa, punje hukua, hunywa jua zaidi na kuyeyuka zaidi. Ikiisha, barafu tupu hubaki wazi, nayo ina vumbi na mwani wa rangi ya zambarau iliyokoza. Joto la siku tatu huweza kuendeleza kuyeyuka kwa wiki kadhaa. Julai ile ya 2012 mto wa Kangerlussuaq, mji mdogo wa magharibi mwa Greenland, ulifurika ukasomba sehemu ya daraja.

Inapimwaje?

Setilaiti husoma mawimbi ya maikro, mionzi isiyoonekana kwa macho, kwa kuwa theluji iliyolowa huyatoa kwa nguvu kuliko kavu. Hiyo huonyesha palipolowa, si kiasi kilichopotea. Uzito hupimwa na setilaiti mbili zinazofuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi: mvuto wa barafu chini yake ukipungua, umbali huo hubadilika kidogo mno, nazo huhisi. Kwa njia hiyo tunajua kwamba mwaka 2019 Greenland ilipoteza tani bilioni 532.

Bado kuna watu wanaochomeka vijiti kwenye barafu na kurudi kupima vimechomoza kiasi gani. Konrad Steffen, mwanasayansi wa barafu aliyeanzisha kambi yake ya utafiti huko mwaka 1990, alifia kwenye mpasuko wa barafu karibu na kambi hiyo hiyo, Agosti 2020. Namkumbuka kila nisomapo takwimu hizi.

Sisi wa Pangani yatuhusu nini?

Tani bilioni 360 huinua bahari zote kwa milimita 1 hivi, kwa hiyo 2019 peke yake iliongeza karibu milimita 1.5. Tena barafu kubwa huvuta maji ya bahari upande wake. Inapopungua, maji huyaacha mazingira yake, hata bahari inayoizunguka Greenland yenyewe hushuka, na yakaelekea mbali, kwenye pwani za tropiki kama yenu.