Mafua Yasiyoisha: Kwa Wadogo Zangu Mnaokuja Kusoma India

Kila ifikapo Oktoba, kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wetu walioko India swali ni lile lile: "Jamani, haya mafua ya Delhi hayaishi, dozi ya pili ya antibaiotiki hii naimaliza." Wengi wanaouliza hivyo hawana mafua ya kuambukizwa. Wana mzio, ile tunayoiita aleji, na antibaiotiki haiutibu hata kidogo. Mimi nimesoma Pune, kisha nikafanya kazi Delhi, na natamani kila anayekuja aijue kalenda ya mji wake kabla pua haijamfundisha. Nimeona vijana wazuri wakiingia chumba cha mtihani hawajalala usiku kucha kwa kupumulia mdomo, na dawa yao ilikuwa duka la pili kutoka hosteli.

Kwanza tofautisha. Mzio unawasha: pua, macho, kaakaa, hata ndani ya masikio. Chafya zinakuja mfululizo, hasa asubuhi, kamasi ni jepesi kama maji, na mwili haupati joto. Mafua ya virusi huja na koo kuuma, uchovu na pengine homa, na baada ya wiki moja hivi yanaondoka. Ukipata homa usijifariji kwamba ni vumbi. Mvua zikiisha India kuna dengi, na wewe uliyetoka kwetu unaweza kuwa umekuja na malaria mwilini, kwa hiyo mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka Afrika Mashariki na uombe upimwe. Kikohozi kilichopita wiki mbili nacho kapime, kwa sababu kifua kikuu kipo kwao kama kilivyo kwetu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mwaka wa kwanza mara nyingi hupita salama. Mtu anajisifu kwamba pua yake ni ya chuma, halafu mwaka wa pili au wa tatu anaanza kuchuruzika. Hajarogwa, na wala si chakula cha mesi. Mwili hauwi na mzio na kitu ambacho haujawahi kukutana nacho. Unahitaji kuvuta chavua ngeni, yaani unga wa maua, msimu mmoja, miwili, hata zaidi, ndipo kinga iitambue na kuanza kuipiga vita. Aliyekuwa na pumu, au ngozi yake ilikuwa ikiwasha na kukakamaa utotoni, ajiandae mapema kuliko wengine.

Sasa hiyo kalenda. India ni kubwa, na ushauri wa rafiki aliyeko Bengaluru hautakufaa ukiwa Chandigarh. Delhi na miji ya kaskazini ina misimu miwili ya chavua: Februari hadi Aprili, miti inapochanua, na Septemba hadi Oktoba, zamu ya nyasi na magugu, yakiwemo ya jamii ya mchicha. Miti inayosumbua ni pamoja na ule wanaouita papri, na kikar ya kigeni iliyojaa kwenye misitu ya vilima vya Delhi. Mkenya aliyewahi kufika Baringo ataitambua hiyo kikar mara moja, kwani ndiyo mathenge.

Msimu wa pili ndio mgumu, kwa kuwa hauji peke yake. Chavua haijaisha, watu wanaanza usafi wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu: makabati yanavutwa, mapazia yanakung'utwa, kuta zinapakwa rangi mpya. Inafuata sikukuu yenyewe na fataki zake. Wakati huohuo wakulima wa Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga ili wawahi kupanda ngano, baridi inaanza, upepo unatulia, na moshi wote unalala juu ya mji. Hapo pua iliyokwisha vimba kwa chavua inapigwa na moshi. Serikali yao ina kipimo cha ubora wa hewa cha 0 hadi 500, na programu ya simu ya bure iitwayo SAMEER inayoonyesha namba ya kila kituo. Ikipita 200 hewa huitwa mbaya, ikipita 400 ni hali kali kabisa. Mimi nashauri hivi: ikipita 200 acha kukimbia nje asubuhi, na kwenye bajaji au pikipiki vaa barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haizuii chembe za moshi.

Pune na Bengaluru hawana moshi wa kiasi hicho, lakini wana gugu lao, parthenium, ambalo wenyeji huliita nyasi ya Congress. Liliripotiwa Pune katikati ya miaka ya 1950 na leo limeenea karibu nchi nzima. Watu wa Arusha mnalijua kama gugu karoti: majani yaliyochanika kama ya karoti, maua meupe madogo. Mvua zikishanyesha linajaa kwenye viwanja vitupu, kando ya reli na nyuma ya hosteli. Chavua yake inachokoza pua, na mmea wenyewe unaunguza ngozi. Ukiona vipele vinavyowasha kwenye kope, shingoni na mikononi, na unapita uwanja kama huo kila siku, badili njia. Usiling'oe kwa mikono mitupu hata kama chuo kimetangaza siku ya usafi.

Mumbai, Kerala na pwani yote kwa ujumla, adui ni unyevu. Kuanzia Juni hadi Septemba nguo hazikauki, ukungu unapanda ukutani nyuma ya kabati, na wadudu wa vumbi, wasioonekana kwa macho, wanazaliana ndani ya godoro. Aliyekulia Tanga au Mombasa ameyazoea haya, ila chumba cha hosteli chenye dirisha moja na vitanda vitatu ni habari nyingine.

Na godoro hilo ndilo la kuanza nalo popote utakapopanga. Ukikuta la pamba limelaliwa na watu kwa miaka mingi, nunua lako, au walau mfuko wa kulifunika wenye zipu. Shuka na foronya zifue kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 na zaidi, kwa kuwa maji ya baridi hayawaui wale wadudu. Msimu wa chavua zikaushe ndani, zisinase unga wa maua juu ya paa. Usifagie kwa ufagio mkavu. Ule ufagio wao laini unainua vumbi lote hadi usawa wa kitanda. Tumia kitambaa chenye maji, na feni ya darini ifute kabla hujaiwasha baada ya baridi. Mwenye kipoza hewa cha maji, kile cha sanduku chenye nyasi pembeni, abadilishe nyasi hizo kabla ya joto la Aprili. Zikinuka uvundo, tayari unapuliziwa ukungu usoni usiku kucha. Udi na dawa ya mbu ya kuchoma havifai chumba kidogo, tumia chandarua.

Dawa. Duka la dawa watu huliita "medical", yako kila kona, na muuzaji huwa tayari kukufungia vidonge vinne vya rangi nne kwenye kibahasha. Vikatae kwa adabu. Uliza jina la dawa yenyewe, si la kampuni, na ukiona duka la Jan Aushadhi ingia, kwani ni mpango wa serikali na dawa zake za majina halisi ni za bei nafuu sana. Cetirizine, kidonge cha mzio, inatosha kwa wengi. Miligramu 10 mara moja, usiku, kwa kuwa huwaletea baadhi ya watu usingizi. Fexofenadine, ya mzio pia, hailevyi hivyo na inafaa siku za masomo, ila imeze kwa maji, si kwa juisi ya machungwa wala ya tufaha, maana juisi huizuia kuingia mwilini vizuri.

Kidonge maarufu kule ni kile cha mzio kilichochanganywa na dawa nyingine iitwayo montelukast. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo zito: kwa baadhi ya watu huleta ndoto mbaya, huzuni, hata mawazo ya kujidhuru. Mwanafunzi aliye mbali na nyumbani, ambaye upweke tayari unamsumbua, asikimeze bila daktari. Akianza kujisikia si yeye, aseme siku hiyo hiyo.

Kwa anayesumbuliwa kila mwaka, dawa bora ni ya kupuliza puani yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kama fluticasone au mometasone. Watu huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi, kumbe huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kufikia nguvu yake. Mwone daktari wa pua na koo, uianze wiki mbili kabla ya msimu wako. Inamisha kichwa kidogo, elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio na si katikati ya pua, usivute kwa nguvu. Matone ya kufungua pua ni kitu kingine kabisa: yanafungua papo hapo, lakini ukipitisha siku tano hivi pua inayategemea na kuziba zaidi ukiyaacha. Sindano za steroidi za "kumaliza aleji" zinazotolewa ovyo, kimbia.

Wenyeji wana desturi ya kuosha pua kwa maji ya chumvi kwa birika dogo, jal neti, nami naipenda kwa dhati. Robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe kimoja cha maji. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, kamwe si ya bomba, kwa kuwa yupo kiumbe mdogo wa maji anayepenya puani hadi kwenye ubongo, na Kerala ameshaua watu.

Ukiamua kupimwa mzio kwa ngozi, acha vidonge vya mzio kwa muda atakaosema daktari, kwa kawaida kama wiki moja, la sivyo kipimo kitadanganya.

Kuna dalili ambazo hazingoji miadi: kifua kubana, filimbi wakati wa kutoa pumzi, kukohoa kila usiku wa manane. Hiyo yaweza kuwa pumu, na mzio wa pua uliopuuzwa huenda nayo sana. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, piga 112, au 108 ya gari la wagonjwa kwenye majimbo mengi. Ziandike namba hizo leo, na mwenzako wa chumba ajue inhela yako, kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, unaiweka wapi.