Kufuma wakati wa kaskazi: uzi, kofia ya Idi na kazi ya njiani

Kuanzia Disemba mpaka masika yanapobisha hodi mwezi wa Machi, anayefuma Unguja au Pemba ana maadui watatu: jasho la mikono, hewa nzito yenye chumvi, na uzi unaobadilika ukifuliwa. Wengi hufunga kazi kabatini wakasubiri kipupwe. Mimi naona ni hasara. Kaskazi ndio msimu wa likizo za skuli, wa mapumziko ya Mapinduzi tarehe 12 Januari, wa kutembeleana shamba na mjini. Tena miaka hii Ramadhani inaangukia humo humo, kwa hiyo watoto wanadai kofia mpya za Idi. Kazi ipo tele. La muhimu ni kuchagua kazi inayokubaliana na joto, kisha kuipima baada ya kuifua, si kabla.

Uzi kwanza, maana hapo ndipo pesa zinapopotea. Bonge lililopoteza karatasi yake dukani haliwezi kukwambia kama ni pamba au nailoni, na kwa macho vinafanana. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibano juu ya sahani, kiwashe kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake ni jepesi la kijivu linalosagika vidoleni. Uzi wa plastiki hunywea, huyeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huzimika wenyewe. Kwa kofia na nguo za watoto msimu huu chukua pamba tu. Uzi wa plastiki haunywi jasho. Linabaki kichwani, na mtoto anaota harara kwenye paji la uso. Pasi ya moto nayo inaulaza ukawa bapa, na hapo hakuna dawa.

Pamba ina aibu yake: haina mvuto. Sweta la sufu ukilinyoosha linarudi. La pamba likishanyooka limenyooka. Na ikilowa inakuwa nzito, inajivuta kwa uzito wake wenyewe. Ndiyo sababu nguo kubwa ya pamba iliyoanikwa kwenye kamba hushuka mpaka magotini. Fuma vitu vidogo: kofia, vitambaa vya makochi, soksi za mtoto mchanga, kipochi cha simu. Kitu kidogo hakikulalii mapajani kikakuchoma, na kinaingia mkobani. Ukinunua, nunua mabonge yote ya kazi moja siku moja, na uangalie namba ya rangi kwenye karatasi. Nyeupe mbili za namba tofauti hazionekani tofauti dukani. Zinaonekana juani, mchana wa sikukuu.

Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke kabisa kabla ya kugusa uzi mweupe. Mafuta ya nazi yanayobaki kwenye vidole baada ya kusuka nywele huingia kwenye pamba, na baada ya wiki yanageuka manjano. Hina mpya inayobanduka na piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, ni hatari zaidi. Ukipaka kwa ajili ya harusi, siku mbili tatu hizo fuma rangi ya giza. Weka kitambaa cheupe mapajani kipokee jasho. Sindano ya chuma ifutwe kila jioni wala usiiache ndani ya kazi usiku kucha, kwani chumvi ya hewa inaiotesha kutu na kutu inahamia kwenye uzi. Doa la kutu kwenye pamba nyeupe hutoka kwa ndimu na chumvi: kamulia, nyunyiza, weka juani, kisha suuza vizuri. Kwenye uzi wa rangi usijaribu, ndimu na jua vitakula rangi pia. Sindano za mti au mianzi hazishiki kutu lakini mkono wa jasho unazifanya zinate. Za alumini ndizo zinazoteleza vizuri zaidi kwenye joto.

Sasa kofia yenyewe, ya kufuma kwa kulabu (sindano moja yenye ncha ya ndoano), yenye kichwa bapa na ukuta wima. Hii ndiyo kazi inayofaa kaskazi kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote kwa sababu watu wanaanza bila kipimo. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 12 kwa 12 kwa kulabu ya milimita 2.5 na mishono mifupi: ingiza kulabu, vuta kitanzi, kisha vuta uzi upite vitanzi vyote viwili kwa mara moja. Kifue kwa sabuni, kikaushe, ndipo uhesabu mishono iliyomo ndani ya sentimita 10 za katikati. Usihesabu pembeni, pale mishono hulegea. Tuseme umepata 28.

Mpime mtoto kichwa juu kidogo ya masikio. Mwenye kichwa cha sentimita 50 asifumiwe kofia ya 50. Pamba italegea ndani ya wiki na kofia itamfunika macho. Toa sentimita 3, ubaki na 47. Mishono 28 kwa sentimita 10 ni 2.8 kwa kila sentimita moja; zidisha kwa 47, unapata 131 na ushee. Chukua 132, kwa sababu inagawanyika kwa 6, na duara ya mishono mifupi inakua kwa 6.

Anza na kitanzi, ndani yake mishono 6. Mzunguko wa pili weka miwili juu ya kila mmoja, upate 12. Wa tatu: mmoja peke yake, kisha miwili juu ya mmoja, ufikie 18. Wa nne: mmoja mmoja mara mbili, kisha miwili juu ya mmoja, 24. Endelea hivyo, kila mzunguko 6 zaidi, mpaka mzunguko wa 22 utakaokupa 132. Duara hapo itakuwa na upana wa kama sentimita 15, na 15 ukiizidisha kwa 3.14 inarudi 47. Hesabu zisipokubaliana, simama hapo hapo; ukuta hauwezi kusahihisha kichwa kilichokosewa.

Kinachokwenda kombo ni mambo matatu. Duara ikianza kukunjamana kama ukingo wa chapati, unaongeza mishono mingi kuliko inavyotakiwa, au mishono yako ni mipana kuliko urefu wake: mzunguko mmoja usiongeze kitu, uone kama inalala. Ikijikunja kuwa bakuli, mkono wako unavuta juu mishono mirefu: ongeza 7 badala ya 6 kwa mizunguko miwili, au badili kulabu. Na ikiwa na pembe sita, kosa ni kuongeza pale pale kila mzunguko, moja juu ya jingine. Sogeza mahali pa kuongezea: mzunguko huu anzia mwanzo, unaofuata anzia katikati ya maongezo mawili. Jumla haibadiliki, lakini pembe zinatawanyika na duara inakuwa duara.

Alama ya mwanzo wa mzunguko iwe kipande cha uzi wa rangi hafifu. Uzi mwekundu unaochuja utaacha mstari wa waridi kuanzia katikati mpaka ukingoni, na pini ya chuma italeta kutu.

Ukifika 132 fuma mzunguko mmoja usioongeza, ukichukua uzi wa nyuma tu wa kila mshono. Hapo ndipo kofia inapovunjika kona kali kati ya kichwa na ukuta. Ukichukua nyuzi zote mbili unapata kofia ya mviringo kama yai. Baada ya hapo ni ukuta, mizunguko 20 hivi, sentimita 7. Hewa ipite: mshono mmoja, kitanzi kitupu kimoja, ruka mmoja, mpaka umalize mzunguko. Mizunguko ya matundu isizidi mitatu mfululizo, kisha miwili iliyoziba, la sivyo ukuta unakaa chini. Mitatu ya mwisho ifume kwa kulabu ya milimita 2, ibane ukingo. Bonge la gramu 50 kwa kawaida linatosha na linabakisha. Kofia ya mtoto aliye ndani ya arobaini isiwe na matundu kabisa. Kidole kidogo kikinasa kwenye kitanzi, damu inazuilika.

Mkia wa uzi mwanzo na mwisho uwe sentimita 15. Usifunge fundo ukalikata karibu, kwani pamba inateleza na fundo hufunguka kwenye kufua kwa pili. Pitisha mkia kwa sindano ya kushonea upande mmoja, urudi upande wa pili, kisha tena wa kwanza, ndipo ukate.

Shoga zangu, barazani usipeleke duara. Kazi ya kuhesabu ifanywe asubuhi, nyumbani, kabla joto halijapanda. Baada ya laasiri, wenzio wakishatandika mkeka, peleka ukuta, ambao mkono unaweza kuufuma wakati masikio yanasikiliza habari za mtaa. Mwenye kusuka ukili akiwa ameulowesha, na hasa ukiwa wa rangi, mkae mbalimbali kidogo, maana rangi ya ukili mbichi ikidondokea pamba haitoki. Mwenye kudarizi kofia za mkono, mkae karibu: hakuna mtu anayejua kuweka ukingo ulionyooka kama yeye, na anaweza kukuonyesha jinsi anavyoshika kitambaa kisivutike. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu. Uzi mweusi au wa buluu uwekwe kando mapema kuliko huo muda, macho hayana spea.

Kofia moja isifumwe na watu wawili. Mkono wa kila mtu una mvuto wake, na mahali mlipopokezana pataonekana kama mshipi. Mkisaidiana vitambaa vya makochi vya bibi harusi, kila mmoja afume kitambaa kizima, vifuliwe vyote pamoja, kisha mvipange jozi jozi kwa kipimo. Anayejifunza apewe uzi mnene wa rangi nyepesi na kulabu ya milimita 4, aone vitanzi. Kumwanzishia uzi mwembamba mweusi ni kumfukuza.

Safarini, kila usafiri una kazi yake. Kwenye gari ya shamba ya Makunduchi au Nungwi, kulabu ya chuma mkononi wakati dereva anashika breki ni hatari kwako na kwa aliyekaa mbele yako. Chukua ya plastiki, au subiri mfike. Bonge liwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu moja, uzi utoke hapo. Halitabingirika chini ya viti. Kikapu cha ukili ni kizuri lakini kingo zake zinakwaruza na kuvuta nyuzi, kwa hiyo kishone bitana ya kitambaa ndani.

Boti ya kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, inahitaji uangalifu zaidi. Mkiwa bado kwenye kivuli cha Unguja bahari huwa tulivu, ila mkishaipita Nungwi kunafunguka, na kwa upepo wa kaskazi mnakwenda mkiupinga. Kuinamia kazi hapo ni kujiitia kichefuchefu, kwa sababu macho yanaona kitu kilichotulia na mwili unahisi mawimbi. Fuma saa ya mwanzo, kisha funga, tazama mbali. Ukienda kwa ndege ndogo mpaka Chake Chake, mkasi uingie kwenye begi la kukabidhi, usije ukachukuliwa kwenye ukaguzi. Na kwenye mashua ya kisiwa cha Misali usifume kabisa.

Pwani, mchanga ukiingia kati ya nyuzi hausikiki kwa vidole, ila unasugua pamba kila inapovaliwa. Kung'uta kazi ikiwa kavu, usiifute ikiwa na unyevu. Ikirushiwa maji ya bahari isuuze kwa maji baridi siku ile ile, kwani chumvi ikikauka inafanya uzi mgumu na mkono unaanza kubana mishono bila kujijua.

Kufua ni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila kusokota. Kamua kwa kuikunja ndani ya taulo. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa, sabuni haitoki vizuri na pamba inakauka ngumu, kwa hiyo la mwisho suuza kwa maji ya mvua au ya mfereji. Anika bapa kivulini penye upepo. Ukitandaza juu ya mkeka wa rangi weka shuka nyeupe kati, kwani mkeka nao unachuja.

Kanji ni ya mwisho. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga laini wa muhogo katika maji baridi kidogo, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka iwe kama kioo, iache ipoe kidogo, ichuje kwa kitambaa. Tumbukiza kofia iliyofuliwa ikiwa mbichi bado, ikamue kwa viganja, ivishe bakuli la plastiki lenye kitako bapa cha sentimita 15, unyooshe kona kwa kidole, uache ikauke. Wengine hutumia maji ya sukari. Kofia inasimama vizuri, na sisimizi wanakuja. Kanji ikizidi, kofia inapasuka mistari meupe ukiikunja, na dawa yake ni kuifua uanze tena na nusu kijiko. Pasi ipitishwe upande wa ndani, juu ya kitambaa chenye unyevu.

Kofia ya kuweka isitiwe kanji. Mende huila, na hewa ya masika huiotesha koga. Ifue, ikauke hasa, iweke na karafuu chache zilizofungwa kwenye kitambaa kisiguse uzi, kwa sababu mafuta ya karafuu yana doa. Kanji itie siku mbili kabla ya Idi.